Pikapu ya kulala imejaa: mizigo ya ziada inawekwa wapi bila kuumiza chasisi?

#1 Mchanga wa Engaruka
Wakuu, salaam. Nina pikapu ya dizeli, dabo kebini. Jina la gari naliacha, sitaki kuambiwa naharibu biashara ya watu. Nyuma bodi limefunikwa na kanopi ya fibaglasi, juu ya kanopi kuna hema la kukunja, ndani kuna droo mbili za plaiwudi, friji na betri ya pili. Mimi na mama watoto tunalala juu, vijana wawili wanapiga hema chini. Njia zetu ni Mto wa Mbu, Engaruka, Ngaresero hadi Natron, na likizo ndefu tunateremka Ruaha.

Nafasi imekwisha kabisa. Fundi akanichomelea kikapu cha chuma nyuma ya bampa: madumu mawili ya dizeli ya lita 20, spea ya pili na mtungi wa gesi wa kilo 6. Springi zikawa zinakaa, akaweka mifuko ya hewa kati ya ekseli na chasisi. Gari likanyanyuka, likapendeza.

Sasa tangu hapo nikifika 80 usukani unakuwa mwepesi, gari linatangatanga. Pia ule mwanya kati ya kebini na bodi, juu umekuwa mpana kuliko chini. Shemeji yangu anasema chasisi imepinda. Fundi anasema ni raba za bodi tu. Nani mkweli? Na kama kikapu hakifai, hivyo vitu niviweke wapi?

#2 Nipo Kando
Naweka mkeka hapa. Picha mkuu, uzi wa gari bila picha ni tetesi.

#3 Welda Mstaafu
Fundi wako yuko sahihi. Kebini imekaa juu ya raba, na kwenye baadhi ya pikapu bodi nalo, na raba zikichoka bodi linalala nyuma na mwanya wa juu unafunguka. Nimeziona nyingi. Ingia chini ya gari, shika boliti za bodi kwa spana. Ukikuta zinazunguka bila kukaza, umepata jibu. Chasisi haipindi kwa madumu mawili, hiyo ni hadithi ya watu wa mitandaoni.

#4 Hesabu Kwanza
Mzee Welda nakuheshimu, ila tupige hesabu kabla ya kuapa. Dizeli lita moja ni kama kilo 0.84, kwa hiyo lita 40 ni kilo 34, na madumu yenyewe yakiwa ya chuma ongeza kilo 8 hadi 10. Spea yenye rimu, 30. Mtungi wa kilo 6 ukijaa na chuma chake, tuseme 13. Kikapu chenyewe cha chuma hakiwezi kuwa chini ya 20. Tumeshafika 110 hivi.

Tuchukue vipimo vya Hilux kama mfano, maana vinajulikana: ekseli hadi ekseli ni milimita 3,085. Kikapu kikiwa mita moja na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma, zidisha 110 kwa 1.5 gawa kwa 3.085, unapata 53. Maana yake kilo 53 zimeondoka kwenye tairi za mbele, na ekseli ya nyuma haikubeba 110, imebeba 163. Hapo ndipo usukani wako ulipokwenda.

#5 Kibirinzi
Kilo 53 tu? Mimi peke yangu nikishuka garini mbele panapungua zaidi ya hapo, na gari halitangatangi 😂

#6 Hesabu Kwanza
@Kibirinzi wewe umekaa katikati ya gari, ukishuka unapunguza mbele na nyuma pamoja. Yeye anapunguza mbele huku anaongeza nyuma. Na hiyo 53 ni gari likiwa limesimama. Njia ya Ngaresero unajua ilivyo. Kila tairi ikianguka shimoni, kile kikapu kinarudi chini kwa nguvu mara mbili au tatu ya uzito wake.

#7 Dereva wa Makanyagio
Mimi naona mnakimbilia mbali. Kasta imepotea, yaani ule mlalo wa mhimili wa usukani kwenda nyuma. Nyuma ikikaa chini, kasta ya mbele inapungua na usukani unakuwa mwepesi. Apeleke kwenye alaimenti yaishe.

#8 Fundi Usukani
@Dereva wa Makanyagio umegeuza. Nyuma ikikaa, pua ya gari inanyanyuka na kasta inaongezeka, haipungui. Kinachobadilika vibaya ni tou, yaani tairi za mbele zinavyoelekeana, kwa sababu mikono ya saspensheni ya mbele imeteremka kuliko ilivyopangiwa. Halafu tairi zenyewe zina uzito mdogo wa kushika lami. Ila mwanzisha uzi kasema mifuko ya hewa imelinyanyua gari likakaa sawa, kwa hiyo hata hiyo tou huenda haijaguswa. Upepo wa tairi umeweka kiasi gani, mbele na nyuma?

#9 Mchanga wa Engaruka
Asanteni. Upepo ni psi 35 kote. Boliti za bodi nimeangalia jioni hii: mbili za nyuma zilikuwa zimelegea, nimezikaza. Mwanya umepungua kidogo, haujaisha. Picha zinakuja, mtandao wa huku ni wa kuomba.

#10 Welda Mstaafu
Nilisema.

#11 Hesabu Kwanza
"Haujaisha," mzee. Soma mpaka mwisho.

#12 Mhamaji wa Colorado
Habari za nyumbani. Mimi nipo Marekani, nina pikapu ya tani moja yenye tairi nne nyuma, na juu ya bodi kuna kempa ya kupachika, ile nyumba ndogo kamili yenye kitanda juu ya kebini. Huku hili jambo limekuwa na sheria tangu zamani: kempa lazima iwe na kibandiko cha uzito wake na kionyeshe kitovu cha uzito kiko wapi, na kampuni ya pikapu lazima ikwambie kitovu hicho kikae eneo gani la bodi. Kwa vitendo kanuni inakuja kuwa moja: kitovu kikae mbele ya ekseli ya nyuma. Kikivuka kwenda nyuma, usukani unaelea.

Na sisi pia nafasi hutuishia, nyumba haina stoo. Watu wa huku wanaiba nafasi hivi. Kati ya ukuta wa kempa na ukuta wa bodi, mbele na nyuma ya matairi, kuna vishimo vitupu. Humo naweka kuni, mpira wa maji na vipande vya mbao vya kusawazishia gari. Viti vya nyuma vya kebini nimevitoa, pale kuna sanduku la vifaa na betri, na ni mahali pazuri sana kwa uzito maana ni katikati ya ekseli mbili. Wengine wanaweka mkono wa kubebea mbele ya bampa kwa baiskeli, ila angalieni usizibe rejeta wala taa.

Kikapu cha nyuma tunacho pia. Kanuni yetu: vitu vikubwa vyepesi. Viti vya kukunja, mapazia, takataka. Na ukirefusha mkono unaobeba kikapu ili upite ngazi ya kempa, uwezo wa ule mkono unashuka sana, usome maandishi yake.

#13 Mama Vitunguu
Mhamaji viti vya nyuma umetoa wewe huna watoto. Huku tukitoa viti, bibi, shangazi na mbuzi wa sikukuu watakaa wapi?

#14 Mhamaji wa Colorado
Mbuzi anaingia kwenye kikapu, ni mkubwa na ni mwepesi 😂

#15 Jirani wa Voi
Wadau, mimi ni Mkenya lakini shida zetu ni moja. Hiyo mifuko ya hewa ndiyo nina shaka nayo kuliko kikapu. Springi za mabamba zinapeleka uzito kwenye chasisi mahali pawili, mbele kwenye pini na nyuma kwenye shakeli, kile kiungo kinachobembea. Mfuko wa hewa unasukuma mahali pamoja, katikati, juu ya ekseli. Sasa nyuma una kikapu kinavuta chini, katikati mfuko unasukuma juu. Chasisi inafanywa nini? Waaustralia wamelia na hii kitu miaka mingi, dabo kebini zinavunjika mgongo jangwani, na nyingi zilikuwa na hiyo mifuko pamoja na mzigo mrefu wa nyuma.

Fundi mmoja wa jua kali Kariobangi aliniongezea bamba moja la springi na kubadilisha shokapu. Gari ni gumu likiwa tupu, lakini likiwa na mzigo linatulia.

#16 Welda Mstaafu
Mfuko wa hewa haupindishi kitu. Dereva akijaza upepo mwingi kupita kiasi, huyo ndiye anapindisha. Weka upepo mdogo, unatosha tu kuliinua gari lilipokuwa.

#17 Jirani wa Voi
Mzee, upepo kidogo au mwingi, uzito ule ule lazima ushikwe na kitu. Ukiinua gari kwa mfuko, mfuko ndio umebeba.

#18 Fundi Usukani
Hapa wote mna nusu ya ukweli. Kuna magari yana mifuko miaka na miaka hayana shida, kwa sababu mzigo uko juu ya ekseli. Kuna mengine hayana mifuko na yamepinda, tela zito limevutwa kwenye makorongo. Nisingemhukumu Mchanga kabla ya kupima.

Kupima kwenyewe: toa mzigo wote, toa upepo kwenye mifuko, simamisha gari kwenye sakafu bapa. Vuta uzi wa uashi kando ya chasisi kutoka nyuma ya kebini hadi mwisho, pande zote mbili. Chasisi hizi zina mikunjo ya kiwandani, kwa hiyo usitafute mstari mnyoofu. Linganisha na gari lingine la aina hiyo hiyo lisilo na mzigo. Mwanya ukirudi sawa gari likiwa tupu, ni mnyumbuko au raba. Usiporudi, ongea na shemeji vizuri.

#19 Bahari ya Mchanga
Assalaam alaykum kutoka Maskati. Nimepita kwa udadisi. Sisi huku kila Alhamisi jioni pikapu zinatoka kwenda Sharqiya kulala mchangani, na kosa kubwa si la nyuma, ni la juu. Mtu ana hema juu, kisha anaongeza keria, juu ya keria madumu ya maji, mkeka, kuni. Kwenye mgongo wa tuta gari likiinama ubavu, lile la juu ndilo linakuvuta. Mzigo wa nyuma utakusumbua usukani, wa juu utakupindua.

Kingine, ukizidisha uzito huwezi tena kushusha upepo wa tairi vizuri. Sisi mchangani tunashuka hadi 15 au 18. Gari lililojaa kupita kiasi ukilishusha hapo, tairi linatoka kwenye rimu au linachemka likirudi lami.

#20 Kibirinzi
Maalim wa Maskati, hema nalo watu wawili wanalala juu, kilo 150 hizo. Mbona kanopi haivunjiki?

#21 Bahari ya Mchanga
Kwa sababu gari limesimama, ndugu yangu. Kile kipimo cha kwenye keria, kilo 75 au 100 au chochote kilichoandikwa, ni cha gari likitembea. Likisimama linabeba mara kadhaa ya hapo. Hema lenyewe kilo 50 hadi 70, limeshakula karibu ruhusa yote ya safarini. Ndiyo maana nasema juu usiongeze kitu.

#22 Binti Usambara
Nimesoma vyote. Naomba niulize kijinga: kwa nini hakuna aliyemwambia apunguze? Tuhesabu kilichomo tayari. Kanopi 70, hema 60, droo za plaiwudi na vitu vyake 70, friji na chakula 45, betri 28, maji lita 60, vifaa na jeki 30, wanadamu wanne 260. Hiyo ni 623 na bado hajaweka nguo, unga, vyombo, hema la vijana na kile kikapu. Pikapu nyingi za aina hii zinaruhusiwa karibu tani moja, na dereva yumo humo humo.

Mimi na mume wangu tuna gari kama hilo. Droo tulizitoa, reli zake pekee zilikuwa nzito kama mtoto. Tumeweka kreti za plastiki zenye mifuniko, zimefungwa kwa mikanda kwenye sakafu ya bodi, na juu yake rafu moja nyembamba. Betri ya risasi tukabadilisha ya lithiamu, ile ya ampia 100 ni kama kilo 12 badala ya 28. Nafasi ikapatikana bila kuchomelea kitu.

#23 Dereva wa Makanyagio
Betri ya lithiamu bei yake unanunua pikipiki ya mkononi dada.

#24 Binti Usambara
Na chasisi bei gani?

#25 Nipo Kando
Hapo kwa Binti nimesimama kupiga makofi.

#26 Hesabu Kwanza
Naunga mkono, ila droo zina faida moja ambayo kreti hazina: njia ya vumbi zikifungwa vizuri vitu havirukiruki. Kreti bila kufungwa zinasagana mpaka mfuko wa sukari unapasuka. Lazima mikanda.

Kwa mwanzisha uzi, nafasi ambayo watu wanaisahau ni pembeni chini. Kati ya chasisi na kizingiti cha mlango, mbele ya tairi la nyuma, ekzosi ikiwa upande mmoja, upande wa pili kuna nafasi ya sanduku jembamba la alumini. Hapo uzito uko chini na uko kati ya ekseli. Weka jeki, minyororo, kamba ya kuvutia, vitu visivyoogopa tope.

#27 Mchanga wa Engaruka
Hapo pa pembeni nimechungulia, upande wa kushoto kuna nafasi. Lakini mawe ya Ngaresero yatalipiga hilo sanduku siku ya kwanza tu. Na mtungi wa gesi je? Ndani ya kanopi naogopa.

#28 Mpishi wa Safari
Unaogopa sawasawa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya kanopi haipandi ikatoka dirishani, inalala chini kwenye droo zako, pamoja na friji inayowaka na kuzima yenyewe. Nyuma ya bampa napo si pazuri, lori likikugonga nyuma umekaa na bomu. Kampuni niliyofanyia kazi mtungi ulikaa kwenye kisanduku chake pembeni ya bodi, kimefungwa upande wa ndani, kina matundu chini ili ikivuja imwagike nje. Na mtungi unasimama wima, haulali.

Au acha gesi, beba jiko la mkaa. Ila mkaa hifadhini uliza kwanza getini, na jivu usilimwage majanini.

#29 Kibirinzi
Tulikuwa Seronera kambi ya Nyani, na jina lile hawakulitoa bure. Mtu kaweka kreti zake nje "kupata nafasi ya kulala". Asubuhi mkate hakuna, na nyani mmoja yuko juu ya mti na chupa ya tomato.

#30 Mama Vitunguu
Nyani ni wastaarabu. Fisi alikula kandambili zangu, zote mbili, na kamba ya hema akaionja.

#31 Mpishi wa Safari
Machungwa nayo msilale nayo kwenye hema. Tembo anayanusa mbali.

#32 Welda Mstaafu
Turudi kwenye gari, wanyama wana uzi wao. Mchanga, ukitaka suluhisho la kudumu toa bodi la kiwandani, weka bodi bapa la alumini. Lile la kiwandani lina matuta ya matairi ndani na kuta mbili zisizo na faida. Bodi bapa, chini yake mbele ya tairi unapata masanduku mawili makubwa kila upande, nyuma ya tairi mengine madogo, na tangi la maji unalificha katikati. Kanopi inakuwa kubwa mpaka ukingoni. Wanaotengeneza magari ya kulala huko Afrika Kusini na Australia wanafanya hivyo.

#33 Hesabu Kwanza
Leo mzee kanena. Ila asidanganyike: sanduku kubwa hualika mzigo mkubwa. Masanduku manne utayajaza, na kibati cha gari, kile cha uzito wa juu unaoruhusiwa, kitabaki kinasema kile kile.

#34 Jirani wa Voi
Pia uliza bima na usajili kabla ya kubadilisha bodi. Mambo ya maumbo ya gari na kadi yake kila nchi ina yake.

#35 Dereva wa Makanyagio
Na mizani barabarani mmesahau? Akifika Vigwaza na huo mzigo faini itamtoa machozi.

#36 Mkaguzi Asiye Rasmi
Hapana. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaanzia magari ya kilo 3,500 kwenda juu. Pikapu kama hii haimo, inapita zake. Lakini kutoguswa na mizani haina maana gari liko salama. Kibati chake kinaweza kuwa 2,900 au 3,000, na likizidi hapo breki na tairi ndizo zinalipa.

Angalia pia namba ya uzito kwenye tairi. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni 1,450. Tairi lenye 112, mawili ya nyuma yanabeba 2,240 kwa upepo kamili, si kwa 35. Mchanga, mzigo wote huo na nyuma una 35?

#37 Fundi Usukani
Hili la upepo ndilo nililouliza kule juu, asante kulirudia. Tairi la nyuma laini lenye mzigo linayumba ubavuni na dereva anahisi ni usukani. Huenda nusu ya kutangatanga kwake ni hapo tu. Kibandiko cha mlangoni kina namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo.

#38 Mkaguzi Asiye Rasmi
Akapime kwenye mizani ya mazao. Wenye maghala wengi hawakatai ukiomba kwa adabu na ukalipa kidogo. Panda kwa tairi za mbele tu, andika. Panda zote, andika. Kisha nyuma peke yake. Mzigo wote ukiwemo, na familia ikiwemo, usiwaache kivulini.

#39 Mama Vitunguu
Mke apandishwe mizani mbele ya watu? Huyo mwanaume harudi na pikapu wala ndoa.

#40 Binti Usambara
Wakati tunasubiri vipimo, jambo la vumbi halijaguswa na ndilo linakula nafasi. Ukiwa na kanopi inayovuta vumbi, kila kitu lazima kiingie ndani ya kitu kingine, na hapo ndipo nafasi inapotea: mfuko ndani ya kreti ndani ya turubai. Gari likikimbia, nyuma yake pana mvuto. Mlango wa nyuma wa bodi una mianya chini na pembeni, vumbi linafyonzwa ndani. Raba ya mlango inasaidia nusu. Nusu nyingine ni kuweka tundu la hewa mbele juu ya kanopi, lenye kichujio, hewa iingie kwa nguvu kutoka mbele ili ndani kuwe na msukumo wa kutoka. Kwetu iliacha kuingia kwa kiasi kikubwa, na mifuko ya ziada tukaitupa.

#41 Dereva wa Makanyagio
Au fungua kidirisha cha mbele cha kanopi kidogo, bure.

#42 Binti Usambara
Gari la mbele yako likiwa na vumbi lake, umelikaribisha lote. Kichujio muhimu.

#43 Mchanga wa Engaruka
Mrejesho wakuu. Nimepima kwenye mizani ya ghala, inasoma kwa hatua za kilo 20. Mzigo wote na familia (mama watoto kacheka tu, Mama Vitunguu tulia).

Na kikapu kikiwa kimejaa: mbele 1,180, nyuma 1,840, jumla 3,020.
Kikapu kimetolewa na vyote vilivyomo: mbele 1,240, nyuma 1,680, jumla 2,920.

Kibati kinasema jumla 2,910.

Upepo wa nyuma nimepandisha kufuata kibandiko. Bila kikapu usukani umerudi kwa sehemu kubwa. Uzi wa uashi: upande wa kulia naona tofauti ya milimita nne na gari la jirani, kushoto sioni tofauti. Mwanya wa juu bado ni mpana kwa kiasi cha kidole kidogo.

#44 Hesabu Kwanza
Mbele imerudi 60, nyuma imeshuka 160. Nilisema 53 na 163 bila kuliona gari. Sina la kuongeza.

#45 Welda Mstaafu
Mizani ya hatua 20, kijana, ingeweza kusema 40 vilevile. Na milimita nne upande mmoja tu si kupinda, hata kiwandani hazitoki sawa, na hilo la jirani nani kalipima? Chasisi ikivunjika mgongo zinashuka pande zote mbili. Badilisha raba.

#46 Jirani wa Voi
Upande wa kulia si ndio wenye tangi la maji na friji? Mzigo umekaa upande mmoja, mfuko wa kulia umefanya kazi zaidi. Mimi ningetoa hiyo mifuko leo.

#47 Fundi Usukani
Tazama rangi ya chasisi juu ya ekseli upande huo wa kulia. Chuma kikipinda, rangi inapasuka au kutoka magamba kabla hujaona kitu kwa jicho. Safisha tope kwanza, paka chokaa au poda ya watoto, tazama mistari.

#48 Mchanga wa Engaruka
Rangi ina mkwaruzo, lakini sijui kama ni jiwe au ni hilo. Nimeamua hivi: spea ya pili inabaki nyumbani, nabeba vifaa vya kuziba pancha, tyubu moja na pampu. Dizeli dumu moja, lisimame ndani ya bodi nyuma ya kebini, limefungwa. Gesi kwenye kisanduku cha pembeni chenye matundu. Droo moja inatoka. Springi naongeza bamba, mifuko naiacha bila upepo kwanza. Raba za bodi nabadilisha zote, mzee Welda afurahi.

#49 Mhamaji wa Colorado
Dumu moja Natron hadi Loliondo na kurudi litatosha? Bora ungebaki na mawili ndani ya bodi. Spea ya pili sawa.

#50 Bahari ya Mchanga
Dizeli ndani ya kanopi, harufu mtalala nayo.

#51 Mpishi wa Safari
Na chakula kitanusa. Unga ukishaonja dizeli hauliki hata na fisi wa Mama Vitunguu.

#52 Kibirinzi
Basi kila mahali pamekataliwa 😂 Achukue basi.

#53 Mwenye Canter Moshi
Samahani wakuu, nasoma tangu mwanzo. Hicho kikapu kama hakitumiki unakiuza? Gari langu nyuma halijui kulalamika.

#54 Mchanga wa Engaruka
Kipo, chuma cha inchi moja na nusu, kimepakwa rangi. Nitumie ujumbe pembeni.